Kura Zenye Mafuta

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti mpaka korongo wa mwaloni, pale mitumbwi ya samaki inapotua, wakahama. Kwa mamlaka aliyokabidhiwa, Bwana Machibya, Msimamizi wa Uchaguzi wa Mwenyekiti wa Mwalo wa Igalanyo, ameamuru kura zihesabiwe upya, ili kuimarisha demokrasia ambayo, kwa bahati mbaya, ilikuwa imeshatoa jibu.

Jibu lenyewe lilikuwa Akelo, mama anayeanika dagaa. Alikuwa amempiku Chenge, mwenyekiti wa tangu enzi na enzi, kwa kura chache. Kanuni zinasema kura huhesabiwa upya pale wagombea wanapolingana, au pakiwa na malalamiko yenye msingi. Machibya alizisoma kwa makini akaona msingi upo: Chenge amenuna. Tena huyo Chenge ndiye aliyeahidi kumsemea kwa wakubwa ahamishiwe Buswelu, kwenye ofisi yenye feni na kiti cha kuzunguka. Miaka yote maskini wa Mungu anafanyia kazi kwenye banda la mizani, ananuka samaki mpaka mkewe Rebeka anamtandikia sebuleni. Mtu wa hivyo ukimtajia haki, yeye anasikia feni.

Wakahesabu upya. Akelo akashinda tena.

Machibya akajikuna kisogo, akatafakari kitaalamu. Waliompa Akelo kura ni kina mama wa dagaa, na mikono yao inashinda kwenye samaki. Akasimama, akakohoa, akatoa mwongozo: kura yoyote yenye alama ya mafuta imeharibika, kwa kuwa inamtambulisha aliyeipiga, na siri ya kura ni kitu kitakatifu. Chenge akapiga makofi peke yake. Akelo alipoulizwa kama ana pingamizi, alisema hana, ila watu wote wa mwaloni watangaziwe mwongozo huo ili kesho asitokee wa kuukana. Chenge alikinyakua kipaza sauti akautangaza mwenyewe, mara mbili.

Kura zikaanza kuinuliwa juani, moja moja. Za Akelo zilikuwa safi. Kina mama walijua watabezwa kwa harufu, wakanawa kwa sabuni na ndimu kabla ya kupanga foleni. Za Chenge ziling'aa. Nyingine ungeweza kuliona ziwa kupitia humo humo.

Chenge akaja juu. "Hayo mafuta siyo ya dagaa, ni ya sato wa kukaanga. Watu wangu walikula kwangu asubuhi, wakaja moja kwa moja kupiga kura."

Okomo, wakala wa Akelo, akamwomba kwa adabu arudie polepole, anarekodi kwenye simu. Machibya alihisi jasho likimshuka mgongoni, maana kulisha wapiga kura ni rushwa, na msimamizi anayeisikia kwa masikio yake akakaa kimya analala mahabusu pamoja na aliyelisha.

"Mheshimiwa, malalamiko yako nimeyapokea," akasema kwa sauti ya kiserikali kabisa. "Ila nisaidie kidogo. Ni kweli uliwalisha samaki?"

Chenge aliangalia simu ya Okomo, akaangalia watu wake, ambao walikuwa wanajifuta mikono kwenye suruali.

"Mimi sijamlisha mtu," akasema.

"Basi zimeharibika."

Akelo akatangazwa mshindi kwa tofauti kubwa kiasi kwamba hata Machibya hakupata kanuni ya kuhesabu upya.