Pikipiki ya Kava na Soketi ya Kinyozi

Habari ya asubuhi ile aliileta Mzee Gia, dereva wa malori mstaafu, aliyeishika simu mbali na macho utadhani itamng'ata. Huko mbali, alitusomea, jamaa mmoja kaichaji pikipiki yake mpya kwa chaja ya gereji, ile ya malori, na pikipiki imezimika jumla, mpaka saa ya kwenye dashibodi. Mtaalamu aliyehojiwa akasema pikipiki za siku hizi zina ubongo, haziunganishwi na kila chaja inayopita njiani.

"Ubongo," akasema Kinyozi, huku anaendelea kumnyoa mteja mlangoni. "Afadhali mtaa huu nao upate kitu chenye ubongo."

Tulicheka wote ila Kava. Kava ni fundi saa, na jina hilo tulimpa siku aliyonunua pikipiki, maana tangu siku hiyo tumeliona kava lake la rangi ya fedha mara nyingi kuliko tulivyoiona pikipiki yenyewe. Sasa alikuwa amesimama kando yake, jasho linamtiririka. Alikuwa ameisukuma kutoka nyumbani kwake mpaka kwenye benchi letu, hatua arobaini kwa kuhesabu, kwa sababu haikuwaka. Betri imekufa, na nyumbani soketi pekee imechukuliwa na cherehani ya mkewe, ambaye hakutaka hata kusikia habari ya kumpisha.

Maana mkewe ndiye mwenye hadithi. Mama Cherehani alikuwa amalizie sare thelathini za shule siku hiyo, na mwalimu mkuu anafunga ofisi saa kumi na moja. Pikipiki ilinunuliwa kwa jasho la cherehani ili ipeleke nguo kwa wateja, lakini Kava akaamua vumbi halifai, mvua haifai, jua nalo linababua rangi, na mkewe miezi yote hiyo amebeba mafurushi kichwani akipita mbele ya pikipiki iliyovaa vizuri kuliko yeye. Jana yake alimwekea mume sharti moja. Saa kumi anakuja na sare. Ikiwaka, wanapanda wanakwenda. Isipowaka, kaka yake anaichukua, yeye ana kazi nayo, na mjadala umekwisha.

Kava alitueleza hayo kwa sauti ya mtu anayesomewa hukumu. Sisi, kwa huruma tuliyo nayo, tukaanza kubishana.

Mzee Gia, huyu huyu aliyetoka kutusomea habari ya pikipiki iliyozimika, akajitolea chaja yake ya enzi za malori. Ni sanduku la chuma lenye magurudumu, likiwashwa linanguruma na taa za jirani zinafifia. Nikamkumbusha kwamba chaja kama hiyo ndiyo iliyoiua pikipiki ya kwenye habari.

"Ile ilikuwa ya kwake," akasema Mzee Gia. "Yangu ina adabu."

Volti naye akadai chaja ya kununua ni ushamba. Volti ni fundi umeme, na sisi tunamwita hivyo tangu nguzo moja ilipomrusha akatua kwenye genge la nyanya. Akasema anayo chaja ya kompyuta iliyokufa, ataikata waya, atazichuna, atazisokota kwenye betri, na mambo yatakwenda. Umeme ni umeme, alisema. Kinyozi akamwambia kweli, umeme ni umeme, hata ule uliompeleka kwenye nyanya ulikuwa umeme, na hakuna aliyeona amerudi na chaji.

Ilibidi nimshike Kava mkono tuvuke barabara mpaka duka la vipuri, kabla hawajaanza kuchuna waya. Mimi ni fundi viatu, sijui betri, lakini najua rafiki zangu.

Dada wa dukani alituuliza swali moja tu, na likatushinda. Betri yenu ni ya aina gani?

"Nyeusi," akajibu Kava.

Dada akazionyesha betri za rafuni. Akasema kaka yangu, zote nyeusi. Kuna ya asidi iliyozibwa, kuna ya lithiamu, na chaja ya hii ukiiweka kwenye ile utakuja hapa kulia. Pikipiki ilikuja na kitabu, kiko wapi? Kava akatoka mbio, akarudi na kitabu kikiwa bado kwenye nailoni yake, kimefungwa kama kilivyotoka kiwandani. Hata kitabu alikiwekea kava. Dada akaipasua ile nailoni kwa mkasi, na uso wa Kava ukakunjamana kama amekatwa yeye.

Kitabu kilisema yote kwa mistari minne. Betri ya asidi iliyozibwa, haiongezwi maji, volti kumi na mbili, ichajiwe polepole kwa ampea moja isizidi. Dada akatoa chaja ndogo, ukubwa wa mche wa sabuni uliotumika nusu. Akasema hii inaisoma betri yenyewe, ikiona imejaa inaacha, haiipelekei pikipiki mshtuko wa kuunguza ubongo wake. Halafu akatupa utaratibu, akamwambia Kava aurudie kwa mdomo kama mtoto wa chekechea. Ufunguo utoke. Kibanio chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi, halafu ndipo soketi, mwisho kabisa. Wakati wa kutoa, soketi kwanza. Taa nyekundu, inakula. Taa ya kijani, imeshiba. Saa sita zinatosha.

"Na kwa nini imekufa wakati haijatumika?" Kava akauliza.

"Ina king'ora, ina saa, vyote vinakunywa hata ikiwa imelala. Uliiendesha lini mara ya mwisho?"

Kava akafikiri sana. "Leo nimeisukuma," akasema.

Tulirudi benchini saa tatu na nusu. Hapo Kava akataka kazi yote irekodiwe video, ili mkewe aone mtu aliyejituma, nikakabidhiwa simu yake. Mwenyewe akasimama mbele ya pikipiki, akaanza kuwafundisha watu wa dunia nzima jinsi ya kuunganisha chaja, yeye aliyejifunza robo saa iliyopita. Volti alipiga magoti kwenye betri akashika cheusi kwanza. Tukamzomea. Akadai chanya huwa upande wa kulia kokote uendako. Mzee Gia akavaa miwani, akainama, akatangaza kwamba kwenye kifuniko chekundu pana alama ya kujumlisha, na kama tulisoma shule moja, hiyo ndiyo chanya. Chekundu kikakaa, cheusi kikakaa. Kava akachomeka soketini, na taa nyekundu ikawaka. Mteja wa Kinyozi alipiga makofi akiwa amenyolewa upande mmoja.

Kilichofuata ungekitarajia. Kava akalivuta kava lake akaifunika pikipiki, na chaja humo humo, vumbi lisije likaingia. Volti akapinga, safari hii kwa haki, akasema chaja inataka hewa. Wakaafikiana: ubavu mmoja uachwe wazi upande wa ukutani. Kwa hiyo chaja ilipata hewa, na sisi hatukuiona taa tena.

Sasa niieleze hiyo soketi. Ni moja, iko nje chini ya dirisha la Kinyozi, na ndiyo sababu ya benchi letu kuwa hapo na si mahali penye kivuli. Ina sheria moja, Kinyozi aliiandika ukutani kwa mkaa baada ya ugomvi mkubwa wa mwaka juzi: UKITOA, RUDISHA ULICHOKIKUTA. Kila mtu anapewa nusu saa. Sheria hiyo ilikuwa haijavunjwa tangu iandikwe, na sijui ofisi gani nyingine inaweza kusema hivyo.

Siku ikaenda. Kava alikuwa ameitwa nyumbani kula kifungua kinywa kabla ya saa nne, na kwa kuwa alikuwa amechoka kusukuma, akalala. Sisi tukaendelea na soga. Mzee Gia alitusimulia lori lake moja lililowaka kwa kupigwa teke. Volti alisema ukimpa wiki moja angetengeneza chaja ya kuchaji mtaa mzima, na Kinyozi akamuuliza mtaa umemkosea nini. Kila mmoja alipita dirishani kwa zamu yake kama siku zote. Hakuna aliyeinua kava. Ya nini, wakati chaja ina akili?

Saa kumi kasoro dakika tano, Mama Cherehani akatokea na mafurushi mawili, mumewe nyuma yake na la tatu, bado ana alama ya mto shavuni. Alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala usiku mzima na hataki salamu ndefu. Tukamwamkia vizuri. Akaweka mafurushi kwenye benchi, ikabidi tusimame.

Kava akavuta kava kwa madaha. Akaingiza ufunguo, akabonyeza. Pikipiki ikatoa sauti moja ndogo, tik, basi. Akabonyeza tena, na hata hiyo tik haikuja. Mama Cherehani akainama, akaitazama chaja. Haikuwa na nyekundu wala kijani. Akaufuata waya kwa mkono, taratibu, kama anavyofuata mshono, mpaka akafika kwenye plagi. Ilikuwa inaning'inia kwenye msumari wa dirisha. Soketini ilikuwamo simu.

"Nani kaitoa?" akauliza.

Kinyozi akazima mashine.

Akaanza na Mzee Gia, kwa heshima. Baba, wewe ulichaji simu leo? Mzee Gia akakiri, nusu saa tu. Na ulipofika soketini ulikuta nini?

"Simu ya Kava, mwanangu. Niliitoa, na nilipomaliza nikairudisha."

Akamgeukia Volti. Volti akaonyesha ukuta, akasema yeye ni mtu wa sheria: alikuta simu ya Kava, alirudisha simu ya Kava. Kinyozi, mwenye soketi yake, alikuta simu ya Kava. Ikafika zamu yangu. Nikamwambia ukweli wote, kwamba nilikuta simu ya Kava, na kwamba plagi nyeusi niliiona inaning'inia, ila nilidhani Kava anajua anachofanya. Nilipolisema hilo kwa sauti ndipo nikalisikia lilivyo la kijinga.

Mama Cherehani hakumwita mumewe. Alimtazama tu. Kava akalisogeza furushi begani, akalirudisha.

"Ile video ilimaliza chaji ya simu," akasema. "Nikasema dakika tano tu. Halafu ukaniita kula."

"Kwa hiyo nimekosa mimi, nilikuita kula."

"Sikusema hivyo."

"Pikipiki imekula dakika ngapi?"

Nilijaribu kumsaidia, nikasema pengine kumi. Haikumsaidia. Niliona mama wa watu anayatazama mafurushi yake, na nikatamani kofia yangu inifunike mwili mzima. Miezi yote ile amepita hapa na mizigo kichwani, sisi tukimwambia pole, shemeji, na hakuna aliyewahi kusimama.

Akajifuta uso kwa upande wa mkono, akatutazama mmoja mmoja. "Simu zenu zimejaa?"

Tukaziangalia. Zimejaa.

"Basi mpigieni kaka yangu aje na gari. Yeyote."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi ipasuke. Volti akasema hana salio, shemeji. Kinyozi hana salio. Mzee Gia aliibonyeza bonyeza yake, akaipeleka mbali na macho, akatangaza kwamba anaweza kupokea tu. Mimi laini yangu ilifungwa tangu juzi. Kava akaichomoa simu yake soketini, asilimia mia moja, akaitia mfukoni, na wote tukaelewa.

Mama Cherehani akatoa simu yake kifuani. Kioo kimepasuka, chaji asilimia nne. Akapiga, akasema, "Kaka, njoo," na simu ikazimika. Yalitosha.

Kaka mtu alifika na gari dogo la mizigo, hakuuliza maswali. Tulivibandua vibanio vya chaja, tukamsaidia kupandisha pikipiki, na niseme ukweli, kwa kazi hiyo tulikuwa hodari sana. Sare zikapangwa, Mama Cherehani akakaa mbele. Kava akasogea dirishani, akamwambia mkewe taratibu kwamba pikipiki ile haitaki vumbi. Alisema kwa uchungu wa kweli, macho yamemjaa maji, na hakuna aliyecheka.

"Sasa itayaona," akasema mkewe. Halafu akanyoosha mkono nje. "Nipe hiyo chaja. Hiyo tu ndiyo iliyokuwa na akili hapa."

Kava akaitungua kwenye msumari wa dirisha la Kinyozi, akaizungushia waya wake vizuri, akampa. Gari likaondoka, na walikuwa wamebakiwa na nusu saa nzima kabla mwalimu mkuu hajafunga ofisi.

Kava alikaa kwenye benchi, kava lake la fedha amelikunja magotini. Kinyozi akarudi kumalizia kichwa. Mwishowe Mzee Gia akakohoa, akaitazama simu yake kwa mbali, akalitazama dirisha.

"Kwa hiyo sasa hivi," akauliza, "soketi haina mtu?"