Laki Moja kwa Vidole Viwili

Jumatatu, 4 Machi

Likizo imeanza! Wiki mbili bila masjala, bila mafaili, bila bosi kukohoa nyuma ya kiti changu. Na kuanzia leo mimi ni msanii.

Maelezo kwa vizazi vijavyo. Maktaba ya mtaani inaandaa maonyesho ya sanaa ya kompyuta. Kuchora sijui. Hata nikishika rula, mstari unapinda. Lakini tangazo linasema wanapokea kazi yoyote yenye subira na fikra. Subira ninayo tele. Basi nitaandika namba zote kwenye jedwali la kompyuta, kuanzia moja hadi laki moja, kila moja kwa mkono wangu. Kwa vidole viwili, maana vile vingine havijawahi kusaidia.

Kinachogombaniwa ni chumba cha nyuma. Shemeji, mdogo wake mke wangu, fundi cherehani, amehamia kwetu tangu Januari na anashonea kwenye meza ya chakula. Tunakula katikati ya pini. Anakitaka chumba. Nami nakitaka, kwa sababu ndicho chenye kitasa kinachofunga na kochi linalonienea. Mke wangu ametoa hukumu huku akikunja nguo. Mkutubi atakuja kukagua Jumamosi ya tarehe 16; akiikubali kazi yangu, chumba changu. Akiikataa, Jumapili ya tarehe 17 cherehani inaingia. Haki tupu. Nimeshashinda!

Hadi jioni: 6,120.

Jumanne, 5 Machi

Kidole cha kulia kimevimba. Nimekifunga kitambaa. Cha shemeji, bila ruhusa.

Shemeji kauliza namba hizi zitamfaa nani. Nikamweleza kwa upole kwamba ni habari ya binadamu na wakati. Akauliza kama binadamu na wakati wanaweza kumwaga taka kwanza. Yeye ana mashati arobaini ya sare, kila shati matundu saba ya vifungo, na kila tundu analizungushia uzi kwa mkono. Nikamwambia hayo nayo ni marudio, ila hayana fikra. Akajibu eti akikosa fikra shati halifungi. Jibu la kifundi tu hilo.

Alasiri mke wangu alileta chai, akakaa kwenye mkono wa kochi. Tukakumbushana chumba chetu cha kwanza, kile ambacho ukifungua mlango lazima mmoja apande kitandani. Tulicheka sana. Vidole viliendelea na kazi. Baadaye nikagundua nimeandika 8,812 mara tatu. Nimeacha hivyo hivyo, muda wa kurudi nyuma sina.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Shemeji aliingia kutafuta mkasi wake (nilikuwa nao). Akasimama akinitazama. Kisha akakamata kipanya, akafungua ukurasa mpya, akaandika 1, chini yake 2, akashika pembe ya kisanduku na kuvuta. Namba zikashuka zenyewe. Elfu nzima kabla sijafunga mdomo. Akauliza aendelee au zinatosha. Kumbe ndivyo anavyopanga oda zake.

Nikamwambia namba ya kuvutwa haina roho. Akaziweka safu mbili bega kwa bega, yake na yangu, akaniomba nimwonyeshe roho ilipo.

Nimezitazama mpaka macho yakatoa machozi. Sikuiona.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepiga hesabu. Kwa mwendo huu, siku ya mkutubi nitakuwa elfu sabini na kitu. Aibu hiyo nitaiweka wapi? Kwenye fomu nimeshajaza jina la kazi: "Laki Moja".

Nimetafakari kwa kina, karibu dakika tano. Wasanii wakubwa wote wana wasaidizi. Msaidizi wangu ni kompyuta. Namba ya mwisho niliyoiandika mwenyewe ni 31,207. Kuanzia hapo nimevuta. Sekunde sita!

Nimelala vizuri mchana.

Jumatatu, 11 Machi

Ugumu haukuwa kumaliza. Ugumu ni kumaliza mapema. Shemeji yuko upande wa pili wa ukuta na masikio yake ni makali kama sindano zake. Asiposikia kibodi atajua. Basi nimejirekodi kwa simu nikiandika dakika ishirini, nikaiweka sauti ijirudie. Mimi nalala, simu inachapa kazi. Akili ni mali!

Dosari ndogo: katika dakika ya kumi na mbili nilipiga chafya. Nimeona haina haja ya kurekodi upya.

Jumatano, 13 Machi

Nimeumbuka. Shemeji alimwambia dada yake kwamba napiga chafya kila baada ya dakika ishirini, kwa zamu, kama mlinzi. Mke wangu akaingiwa na hofu. Akaja na beseni la maji ya moto nijifukize. Mlango nilisahau kuufunga. Akanikuta nimejifunika shuka mpaka kidevuni, nakoroma, na simu inaandika.

Hakupiga kelele. Aliweka beseni chini, akakaa. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitegemea. Kwamba amekuwa akiisikia ile kibodi akiwa jikoni na ameizoea. Kwamba alimwambia mwenzake kazini, safari hii mume wangu ameshika kitu na hajakiachia.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, ile ya kutaka kuingia chini ya kochi. Akanishauri niondoe zote nilizovuta, nimwonyeshe mkutubi zile 31,207 peke yake, maana zile ni jasho langu. Nikamwahidi, na nilimaanisha.

Alhamisi, 14 Machi

Ahadi ni deni. Lakini hebu tufikiri. Nani atasimama mbele ya thelathini na moja elfu mia mbili na saba? Si namba, hiyo ni chenji! Na jina liko kwenye fomu.

Nikachunguza safu yangu upya. Sehemu ya mkono ina makosa kibao. Sehemu ya kuvuta haina hata moja. Hapo ndipo panaponisaliti. Dawa ni rahisi: nitie makosa. Nimefanya kazi asubuhi nzima, kwa umakini wa masjala. Kosa moja kwenye 32,500, jingine kwenye 33,500, jingine 34,500, hivyo hivyo mpaka 99,500. Makosa sitini na nane, na yote nimeyahakiki. Hakuna lililokosewa.

Mke wangu akauliza kama nimerekebisha. Nikasema ndiyo. Si uongo, nimerekebisha.

Jumamosi, 16 Machi

Mkutubi amekuja. Mama wa makamo, miwani yenye kamba shingoni. Nilitegemea aangalie kidogo, anywe chai, asifu. Akakaa saa nzima akishuka na safu taratibu, kidole kikifuata skrini. Mke wangu na shemeji wakasimama mlangoni.

Alipofika 8,812 mara tatu akatabasamu, akauliza palitokea nini. Nikamwambia chai na mke wangu. Mke wangu akatazama chini, lakini nilimwona akicheka. Mbele kidogo akakuta 150000000, akasema hapa ulisinzia. Kweli nilisinzia! Akasema ameona kazi nyingi za kompyuta mwaka huu, lakini hii ni ya kwanza iliyomfanya amjue mtu bila kumwona.

Kisha akavuka 31,207. Akaongeza mwendo. Akatoa penseli, akaandika kitu, akashuka tena, akaandika. Akavua miwani. Akauliza kwa nini makosa yangu, baada ya kuzurura siku nyingi, sasa yanafika kazini kwa wakati.

Nikasema nilikuwa nimeshapata uzoefu.

Akasema kwamba mpaka 31,207 palikuwa na mtu, na baada ya hapo hamuoni tena. Akasema, bila ukali wowote, nikate hapo, niandike chini yake nini kilitokea, naye ataitundika kwenye ukuta unaotazamana na mlango mkuu. Mke wangu alinitazama. Jibu lilikuwa neno moja. Hata mtoto angelisema!

Nikaapa kwamba zote ni za mkono. Nikaonyesha kidole kilichofungwa kitambaa.

Mkutubi akafunga daftari, akashukuru kwa chai.

Jumapili, 17 Machi

Nimebeba cherehani mwenyewe mpaka chumba cha nyuma. Nzito! Shemeji kanishikia mlango. Kochi langu liko barazani.

Mke wangu hajanigombeza. Jioni aliniomba kitu kimoja tu. Nimchapishie zile za mwanzo, 1 mpaka 31,207, aziweke kabatini kwenye mafaili yake. Alisema mkutubi hazitaki tena lakini yeye anazitaka, maana siku zile nilikuwepo kweli. Moyo wangu ulilainika. Baada ya yote niliyomfanyia, bado anataka kazi yangu!

Nimeamua hii nitaifanya kwa uaminifu wote. Nimefungua safu niisome kabla ya kuchapa. Jamani, uchafu ulioje! 8,812 mara tatu. 150000000. Kuna mahali nimeruka namba kumi na moja kwa mkupuo. Zawadi ya mke haipewi hivyo. Nimefuta yote, nakala ya zamani nimeitupa isije ikamchanganya, nikaandika 1, chini yake 2, nikashika pembe na kuvuta mpaka 31,207. Sekunde tatu.

Imenyooka, hakuna kosa hata moja. Kesho naichapa masjalani bosi akienda kula. Atafurahi mpaka alie.