Kompyuta ya Shangazi Yakataa Kufa

Jumatatu, 4 Machi
Tabasamu kanunuliwa kamera mpya! Ndiye mpiga picha wetu, na jina hilo kalipata kwa sababu hana neno jingine la kuwaambia wateja. Mimi ninayezisafisha picha zake, ninayepunguza vitambi na kufuta chunusi, bado natumia kompyuta ya mezani iliyokuwepo kabla sijaota ndevu. Nikamwambia Shangazi, mwenye studio, kwamba mashine inakaribia kukata roho. Akaichungulia kwa miwani ya kusomea, akasema mbona inawaka. Nikamwambia kuwaka siyo uzima. Akajibu kwamba yeye pia huamka magoti yanamuuma, na hajaomba mwili mpya.
Sawa. Basi mashine ijieleze yenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Mpango mtamu! Shangazi alipotoka kununua karatasi, nikafungua kasha, nikachomoa kijiti kimoja cha memori kati ya viwili vinavyoipa mashine kasi, nikakitia mfukoni. Matokeo ni uzuri mtupu. Kipanya kinatambaa. Picha inafunguka nusu, skrini inaganda. Nikamwita Shangazi aone. Ikaganda mbele yake, bwana harusi ana macho, hana mdomo. Nikatikisa kichwa kwa huzuni niliyoifanyia mazoezi chooni. Shangazi akaguna. Guno la mtu anayelainika, nalijua mimi.
Kisha akanikumbusha kwamba picha za harusi ya yule mama mpishi wa hospitali zinachukuliwa Ijumaa. Tabasamu ameshaifuta kadi ya kamera yake, kwa hiyo zimo humu tu. Nikasema asiwe na wasiwasi.

Jumatano, 6 Machi
Wasiwasi! Nimeamka nikaiona suruali yangu kwenye kamba, inachuruzika maji. Mke wangu kafua. Na kijiti? Akasema amekikuta mfukoni wakati wa kusuuza, akadhani ni kitana cha mwanasesere wa mtoto. Nikakimbia nacho saluni, mlango wa pili kutoka studio, kuomba mashine ya kukaushia nywele. Msusi akautazama upara wangu. Akanipa mashine, akaniongezea na kitana.
Nikakirudisha. Kompyuta ikalia pi! pi! pi! Skrini nyeusi. Nikakitoa, nikakisugua kwa kifutio, nikakisukuma tena kwa nguvu zote, kiwiko kikiwa ndani ya kasha. Ikawaka! Ikaandika kwamba kibodi haionekani, nibonyeze kitufe cha kibodi ili kuendelea. Nikasoma mara ya pili. Nikachomeka kibodi. Ikaandika jambo jingine, herufi nyeupe juu ya weusi: diski haipo.
Diski ndiyo yenye harusi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimezima, nimewasha. Nimeipiga kofi. Nimeibembeleza. Nimepuliza vumbi la miaka mpaka nikapiga chafya hadi mbavu zikauma. Jibu ni lile lile.
Na mama mpishi akaja! Eti alikuwa anapita tu, anauliza kama picha moja inaweza kufanywa kubwa. Ni mjane aliyeolewa tena. Mumewe amerudi kazini mbali, siku ya pili tu baada ya harusi, na watoto wake wakubwa walinuna, hawakuhudhuria. Akaniambia polepole, "Mwanangu, nataka wauone uso wangu wa siku ile. Labda wataelewa."
Nikamwambia zinaendelea vizuri.
Alipoondoka nikaenda kwa Shangazi kusema kweli yote. Nikafika mlangoni. Akanimiminia chai, akasema naonekana nimechoka kwa kazi. Nikanywa chai, nikatoka.

Ijumaa, 8 Machi
Tabasamu aliangusha kifuniko cha lenzi, akainama chini ya meza yangu, penye kasha lililo wazi. Akauliza, "Huu waya mbona unaning'inia?"
Waya wa diski! Niliung'oa mwenyewe kwa kiwiko, Jumatano. Nikamwambia najua, nilikuwa nimeuachia upumue. Nikauchomeka. Nikabonyeza. Kimya. Mvumo mdogo. Kisha mwanga, kisha folda, kisha harusi, yote, kuanzia kanga ya kwanza hadi kiatu cha mwisho!
Nilikaa sakafuni. Nikamkumbatia Tabasamu. Hilo naliandika hapa na sitalisema popote.
Mama mpishi alikuja mchana. Nikamfungulia moja: anacheka kinywa wazi, shela limeteleza, mume amelidaka kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mfuniko wa sufuria. Akainama hadi pua ikakaribia kugusa skrini. Akasema, "Kumbe nilicheka hivi." Akaomba hiyo ndiyo ifanywe kubwa, na nyingine tatu ndogo, moja kwa kila mtoto.
Nikatoka nje kunawa uso. Vumbi.

Jumatatu, 11 Machi
Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Shangazi kasema mashine sasa inakimbia kuliko zamani, na mbele ya Tabasamu kaniita fundi. Kompyuta mpya hakuna tena, nani ananunua wakati ya zamani imepona? Sawa tu. Moyo mweupe. Nimeapa kutoigusa tena.
Kuhusu feni sikuapa chochote. Chumba changu cha kazi ni tanuri, na Shangazi anashikilia kwamba feni ni nzima. Inapiga kelele kidogo. Kidogo sana. Lakini kelele inaweza kukua, ikipata wa kuisaidia. Shangazi katoka. Nimeshapanda juu ya kiti, na skrubu ya kwanza imelegea vizuri mno.