Rangi Moja, Betri Moja

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimeamua. Kuanzia leo mimi, Hillary, fundi makabati wa mtaa wa Gerezani, ni mtu wa rangi moja: kijani. Kampuni ya Zentoku tupu! Drili Zentoku, msumeno Zentoku, grainda Zentoku, mashine ya msasa Zentoku. Betri ile ile inaingia kote. Mbona hakuna aliyeniambia mapema?

Drili yangu ya zamani ya waya nimemuuzia Elimringi, jirani yangu wa karakana na mpinzani wangu, mtu mwenye vifaa vya rangi zote kama duka la kanga. Nilimhurumia. Aliniuliza nikishajifunga kwa kampuni moja, siku ikinigeuka itakuwaje. Nikamwambia hata mke tumeoa mmoja mmoja. Akasema mke hahitaji chaja. Wivu.

Jumanne, 10 Juni

Loo! Nimefungua maboksi. Hakuna betri! La kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La mwisho nimelitikisa mpaka likachanika. Nikakimbia Kariakoo kwa dada Severa, aliyeniuzia. Kwa utulivu wa kutisha akanionyesha maandishi ubavuni mwa boksi: mashine tu, bila betri. Ndiyo maana bei ilikuwa tamu. Betri inauzwa peke yake, na ni ghali kuliko drili yenyewe! Nilikaa juu ya mfuko wa misumari mpaka mteja mmoja akauliza kama na mimi nauzwa.

Nimenunua moja, na chaja yake. Si ndiyo hoja yenyewe? Inaingia kote. Mke wangu Celina amesema sasa nina watoto wanne na titi moja. Hakucheka.

Jumatano, 11 Juni

Mchafukoge, kwa mzee Ravindra. Ana jengo zima la fleti. Nikimridhisha kwa makabati ya jiko la mkwewe, Trupti, majiko yote yaliyobaki ni yangu. Nilimpa shikamoo mara mbili, kwa tahadhari.

Mwanzo safi. Natoboa, nachomoa betri, nakata mbao, nachomoa, napiga msasa. Nilijiona daktari bingwa. Kisha, kabati kubwa la ukutani likiwa limeshikwa na skrubu moja tu na upande wa pili uko kichwani kwangu, nami niko juu ya stuli, drili ikaguna ikanyamaza. Mungu wangu! Chaja iko mezani. Meza iko mbali. Mimi ndiye ukuta.

Trupti akaingia na chai. Akauliza kama hii ndiyo staili mpya. Nikasema napima uzito. Chai ikapoa. Shingo ikaanza kuingia mabegani. Mwisho nikamwomba ampigie Elimringi. Namba yake naijua kwa kichwa, kama mtu anavyojua namba ya adui.

Akaja. Na drili yangu ya waya! Akachomeka, akakaza skrubu zote, akaniteremsha, maana nilikuwa nimekakamaa.

"Na huyu fundi ni nani?" akauliza mzee Ravindra.

"Jirani tu, mzee."

Elimringi akatoa kadi yake ya biashara. Ana kadi! Tangu lini?

Alhamisi, 12 Juni

Mkakati. Mimi siwezi kununua betri nyingine, lakini Elimringi anaweza. Akiwa na za kijani, nitaazima kwa ujirani mwema. Basi nimemsifia Zentoku asubuhi nzima: chaja moja, sanduku moja, hakuna kupekuapekua betri ipi ni ya kifaa kipi. Na ni kweli! Alinisikiliza kwa makini, jambo lililonishtua. Akakubali, jambo lililonishtua zaidi.

Celina kaniuliza mbona nacheka peke yangu. Nimemwambia ni biashara. Akahamisha pesa za ada ya Evelyn, binti yetu, sijui kazificha wapi.

Ijumaa, 13 Juni

Elimringi kaja na seti kamili. Betri tele! Nikaomba moja kabla hajamaliza kusalimia. Haikuingia. Nikageuza. Nikapuliza vumbi. Nikapiga kwa kiganja. Haikuingia!

Nikampigia Severa. "Ah, kaka Hillary, hizo ni toleo jipya. Kampuni imebadilisha mdomo wa betri. Za kwako haziji tena, tulikuwa tunamaliza stoo."

Nimekaa chini kwenye maranda. Nilijifunga kwa kampuni, nayo kampuni ikajifungua, ikazaa nyingine.

Jumamosi, 14 Juni

Mzee Ravindra amempa Elimringi majiko yote. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamwomba arudie. Akarudia kwa sauti kubwa.

Baadaye Elimringi akaja karakana kwangu. Nilijiandaa kwa kejeli. Badala yake akaniomba tufanye wote: eti hakuna Gerezani nzima anayepachika milango ya makabati ikafunga kimya kama yangu. Alisema mbele ya watu! Wiki nzima nimeshtuka, lakini hili lilinitoa machozi. Nikajibu nitafikiria, huku nimeshabeba bisbisi.

Nilimsimulia Celina. Akasema nishukuru na ninyamaze.

Jumapili, 15 Juni

Baada ya ibada nilipita Kariakoo, kuangalia tu. Jamani! Kumbe kuna kampuni ya bluu! Si drili na misumeno peke yake. Feni! Redio! Blenda! Vyote betri moja! Umeme ukatike mtaa mzima, Celina anasaga juisi. Nimeelewa sasa. Kosa halikuwa kujifunga, kosa lilikuwa rangi. Nimeshaacha malipo ya awali. Severa alitaka kuniambia jambo, nikamkatiza kwa heshima. Muuzaji hachoshwi kwa maswali.

Nikampigia Elimringi tuhamie bluu wote wawili, kesho asubuhi. Akasema hapana, yeye atabaki na alivyonavyo.

Nimeduwaa. Wiki nzima mtu yuko karibu nami, anaona kila kitu kwa macho yake, na bado hajajifunza chochote.