Usimtumie Mrembo Hela ya Kutanguliza

Mheshimiwa Meya, ambaye yuko Florida akiota jua lakini moyo wake uko nasi hapa Tamarack Bend. Mheshimiwa Sherifu wa Kaunti. Mchungaji Lindgren, mwenye ukumbi huu wa chini ya kanisa. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Maandalizi, na wa Kamati ya Kuandaa Kamati ya Maandalizi. Viongozi wa chama cha wavuvi wa kwenye barafu. Akina mama wa jikoni mkiongozwa na mke wangu mpenzi Marlys. Wageni waalikwa, pamoja na ninyi mlioletwa na harufu ya nyama na viazi: aliyerukwa ajitaje, nami nitamheshimu hapohapo. (Makofi machache. Mtu anagonga sahani.)

Ninasimama mbele yenu mimi, Orville Halvorsen, Naibu Meya na mwasisi wa Mpango Mkakati Shirikishi wa Kidijitali wa Kumkinga Mwananchi dhidi ya Matapeli wa Matangazo ya Huduma za Watu Wazima Mtandaoni, kwa kifupi MMSKKMMMHWWM. (Kicheko.) Ajenda yetu ni moja tu. Kabla ya kahawa mtapiga kura ili fedha za greda la theluji zihamishiwe kwenye awamu ya pili ya mpango huu.

(Minong'ono. Bibi Solveig Aune, kutoka meza ya mbele: "Orville, greda lilipokufa mwaka jana nilifungiwa ndani na theluji wiki nzima, nikigawana biskuti na paka!")

Hoja ya bibi yangu ni ya msingi, imepokelewa na itafanyiwa tathmini. Lakini theluji, Bibi Solveig, huyeyuka yenyewe ikifika Mei, ilhali tapeli wa mtandaoni anaendelea kuwepo kiangazi na masika, na upembuzi yakinifu nilioufanya binafsi, nikiwa nimefunga mlango wa ofisi kwa sababu za kitaalamu, umebaini kuwa asilimia tisini na nne ya wanaume wa mji huu hawajawahi kufungua kurasa za matangazo hayo, na kwamba asilimia tisini na nne haohao wanajua rangi ya kitufe cha kubonyeza. (Kicheko kirefu. Wanaume wanatazama sahani zao.)

Tusioneane haya, ndugu zangu, sisi ni watu wazima. Yupo mwananchi mmoja ambaye sitamtaja jina, mwenye pikapu ya kijani na mbwa wa miguu mitatu. (Ukumbi mzima unamgeukia Duane Kessel.)

(Duane: "Ahsante sana, bwana mkubwa, kwa kunifichia siri!")

Mwananchi huyo, katika upweke wake baada ya talaka, aliona tangazo lenye picha ya mrembo ambaye, kwa uso ule na meno yale, hana shughuli yoyote ya kumleta Tamarack Bend mwezi Januari. Mrembo akasema, "Mpenzi, nitumie kwanza hela ya kutanguliza, kwa kadi za zawadi." Mwananchi akaenda dukani, akanunua kadi, akakwangua namba, akapiga picha, akatuma. Mrembo akadai hela ya bima. Mwananchi alipogoma, likaja jibaba kwenye simu likisema lenyewe ndilo bosi, linajua nyumba yake, na asipolipa litamvunja magoti. (Bibi Solveig: "Maskini Duane! Kumbe ndiyo maana ulilala kwa dada yako!")

(Duane anasimama: "Nilimpigia Sherifu, bibi. Akaniambia nisiongeze hata senti, nisijibu, nihifadhi ujumbe wote. Jibaba likapotea. Ushauri wenyewe bure, Orville, wala haukuhitaji hela ya greda!" Makofi makubwa.)

Ninamshukuru mwananchi nisiyemtaja kwa mchango wake. Sasa, ndugu wadau, ndani ya kipindi kifupi cha uongozi wangu mahiri, ambao hata mimi wakati mwingine hunishangaza, mpango umefanikiwa kupata nembo, wimbo wa nembo, na kamati ya kusimamia wimbo. Kituo cha Kisasa cha Kuchuja Matangazo kitakuwa na kompyuta arobaini zitakazokagua kila picha na kila namba ya simu usiku na mchana, na kutoa ajira mia mbili katika mji wenye watu mia tatu na kumi. (Sauti ya nyuma: "Kiko wapi? Hapo mlipotuonyesha mna nyasi tu!") Nyasi hizo, ndugu yangu, ni sehemu ya usanifu.

Na sasa tuseme kaulimbiu kwa pamoja. Akitaka kadi za zawadi? (Ukumbi: "Funga simu!") Akitaka picha ya leseni yako? (Ukumbi: "Funga simu!") Akitishia kukuaibisha? (Ukumbi, na Mchungaji kwa sauti kuliko wote: "Mwambie Sherifu!") Safi sana.

Kwa kumalizia, shukrani za pekee zimwendee Bi. Crystal Devereaux, mkandarasi wa kituo chetu, ambaye nilikutana na tangazo lake katika ukurasa uleule wakati wa utafiti, naye akanihakikishia kuwa siku hizi amehamia kwenye ujenzi wa mifumo ya kompyuta. Uso kwa uso hatujaonana, kwani kamera yake mbovu. Fedha zote za awamu ya kwanza amezipokea, na kituo, kwa lugha ya kiufundi, hakijaanza kuwepo, ila kitaanza kuwepo mara tu tutakapokamilisha bima leo kabla ya saa mbili, la sivyo, na hapa naomba huruma yenu, amesema atalazimika kumfahamisha mke wangu kuhusu… kina cha utafiti wangu.

(Sherifu anaweka uma chini.)

(Marlys, mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi: "Alishaniandikia Jumatatu, Orville. Nikamjibu aje akuchukue, nauli juu yake. Hajaonekana." Ukumbi unaanguka kwa vicheko. Duane anafuta machozi.)

Ndugu wananchi… nilidhani nimekwisha. Wiki nzima sijala. Marlys, nisamehe. (Marlys: "Keti ule. Ukimaliza utamsimulia Sherifu yote.") Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Basi tupige kura. Wanaotaka fedha zilizobaki zinunue greda la theluji, wanyooshe mikono.

(Mikono yote juu. Bibi Solveig ameinua yote miwili.)

Karani, hesabu na wangu.