Ninga wa Ngezi na Jini Asiyejibu Salamu

Jumatatu, 6 Januari 2025
Nafasi ya kutembeza wageni msitu wa Ngezi ni moja. Waombaji wawili: mimi, mwenye shahada ya sayansi, na Khairiya wa Tumbe, mwenye kicheko. Sharti la Zubeir, msimamizi: ifikapo Ijumaa, picha ya ninga, yule njiwa wa kijani asiyepatikana kwengine duniani ila Pemba, pamoja na shahidi aliyemwona. Nimesoma kila kilichoandikwa juu ya ninga. Khairiya aliuliza kama analiwa. Nafasi ni yangu.

Jumanne, 7 Januari
Saa nne nzima chini ya mkuyu wenye matunda. Ninga hakuna. Sababu ni buibui langu, weusi wake unaonekana kutoka mbali. Nimeazima pazia la kijani la sebuleni kwa shangazi, Bi Mwatum. Yeye hajui kama kaazimisha.

Jumatano, 8 Januari
Pazia linafaa mno! Asubuhi nikasikia mluzi wa ninga juu kabisa. Papo hapo akatokea Mzee Ngwali, anatafuta ng'ombe wake. Akaona kitu cha kijani kimejikunyata, akatoa salamu. Ningejibu, ndege angeruka. Nikanyamaza. Akatoa tena. Nikanyamaza. Ya tatu aliitoa huku anakimbia. Ninga naye akaruka. Dhambi ya salamu tatu, picha hakuna.

Jioni Bi Mwatum kaja na habari: Ngezi pana jini la kijani. Nikasema huenda ni mtu. Akanishangaa. Mtu gani, we Asya, asiyerudisha salamu? Hata jini Muislamu angerudisha! Nikataka kusema kweli. Kisha nikakumbuka kuwa Khairiya anaogopa majini. Nikasema ndiyo shangazi, hata mimi nimesikia, tena lina kwato.

Alhamisi, 9 Januari
Kwato zimekuwa sita. Khairiya hakuonekana alfajiri. Msitu wangu peke yangu! Kwa dakika kumi. Kisha wakaja watu thelathini, wakiongozwa na shehe, kulisomea jini liondoke. Nikalisukuma pazia ndani ya mkoba. Bi Mwatum akanikabidhi chetezo cha ubani kinachowaka, maana mimi msomi, sitokiangusha. Khairiya naye yumo. Kasikia baada ya dua pana pilau.

Katikati ya dua, watu wameinamisha vichwa, ninga akatua tawi la chini. Kifua kijivu, bega la zambarau. Akala kuyu bila haraka. Mikono yangu yote miwili imeshika chetezo cha moto! Nikamkonyeza shangazi anipokee. Akanikonyeza nitulie, dua haijaisha. Khairiya akatoa simu. Picha tatu. Akaninong'oneza: shoga, umemwona lakini? Basi shahidi wangu ndiye wewe.

Ijumaa, 10 Januari
Zubeir katutenganisha. Kila mtu na karatasi yake: andika ndege uliyemwona jana. Nilifikiri sana. Bila shahidi, picha ya Khairiya haitoshi. Nikaandika: njiwa wa kufugwa.

Jumamosi, 11 Januari
Zubeir kaniita. Picha iko wazi, hata mtoto angemjua ndege yule. Khairiya kapata nafasi. Tena alikuwa kamwomba Zubeir atuchukue sote wawili, naye alikubali. Ile karatasi ilikuwa ya kunipima mimi tu. Lakini, dada Asya, akasema kwa upole, siwezi kuwakabidhi wageni mtu asiyemjua ninga mbele ya pua yake. Nje Khairiya kanipa pole. Kasema nisijali, atanifundisha ndege, mdogo mdogo. Anifundishe ndege! Mimi!

Jumapili, 12 Januari
Nimejichunguza kutwa nzima, bila kujionea huruma. Kosa nimeliona, na ni moja tu: njiwa wa kufugwa hafanani na ninga. Nani angeamini? Baada ya magharibi nimemwandikia Zubeir kusahihisha jibu langu. Nimemwambia alikuwa tetere, yule njiwa mdogo wa porini.