Mwewe wa Kukodi

Mkurugenzi hakuwa mkurugenzi wa kitu chochote. Cheo alijipa mwenyewe, akakichapisha kwenye kadi za biashara, na tangu hapo mji mzima ukamwita hivyo bila kuuliza anaongoza nini. Siku bahati ilipomwangukia alikuwa kwa kinyozi, shavu moja safi, jingine limejaa povu, mara wasichana wa chuo wakavamia mlangoni.

"Ni yeye! Haki ya Mungu, ni Mwewe!"

Walikuwa wanamlilia kijana mrefu wa kiti cha pili, ambaye aliona haya mpaka masikio yakamwiva.

"Si mimi, dada zangu. Mimi ni fundi wa vigae."

"Jamani, na unyenyekevu anao!" Wakapiga naye picha, wakatoka wakirukaruka.

Kwa asiyemjua, Mwewe alikuwa mwimbaji ambaye sura yake ilibandikwa kwenye soda, kwenye sabuni na kwenye madaftari ya wanafunzi. Siku alipoonekana na shati lisilo na vifungo, vijana walikwenda nyumbani wakang'oa vyao. Na fundi huyu alifanana naye utadhani wametoka tumbo moja. Mkurugenzi akatoka kwa kinyozi na povu lake shavuni, akamkamata fundi mkono barabarani.

"Kaka, unalipwa shilingi ngapi kwa kutambaa kwenye mabafu ya watu?"

"Inategemea bafu."

"Mimi nitakulipa mara mbili, tena umesimama wima."

"Lakini sijui kuimba."

"Nani kakuomba uimbe? Kazi yako ni kunusa na kutabasamu."

Ofisi ya Mkurugenzi ilikuwa chumba cha nyuma ya duka la fotokopi, na humo ndimo yalimozaliwa manukato yaitwayo Mvuto: maji, spiriti, na dawa ya kunukishia vyoo iliyonunuliwa kwa dumu. Fundi akavishwa koti la kung'aa na miwani nyeusi. Mkurugenzi akashika simu, akarekodi.

"Sema: bila Mvuto, mimi si Mwewe."

"Angalau nusu yake ni kweli," fundi akanung'unika, kisha akasema kama alivyoambiwa.

Tangazo likasambaa kama moto wa nyasi kavu. Kesho yake Mkurugenzi alipanga meza nje ya geti la chuo, na foleni ikapinda kona. Mvulana mmoja alijipulizia shingoni, akapiga chafya.

"Anko, mbona inanukia kama choo cha hoteli?"

"Hoteli ya nyota ngapi?"

Mvulana akanusa tena, kwa makini. "Tano hivi."

"Basi umejijibu mwenyewe."

Akanunua mbili. Mkurugenzi hakumhurumia. Aliwadharau wateja wake kwa moyo mweupe kabisa, kama daktari anavyodharau mafua. Mtu anayenunua harufu kwa sababu ameona miwani, alijiambia, anastahili kukamuliwa.

Siku moja fundi aliingia ofisini amenuna.

"Bosi, mdogo wangu wa kike kamaliza hela yake ya chakula kwenye hii takataka. Shingo yote imemtoka vipele. Nikamwambia yule kwenye tangazo ni mimi, kaka yako wa damu. Unajua alinijibu nini? 'Kaka, acha ndoto.'"

Mkurugenzi alicheka mpaka akashika meza. "Umeona? Watu hawaangalii sura, wanaangalia miwani! Hata dada yako!"

"Hata dada yangu," fundi akarudia polepole. Kisha akaomba ruhusa. Mama hali yake si nzuri, inabidi aende kijijini. Mkurugenzi akamruhusu kwa roho safi, na mshahara akasema atampa akirudi.

Haikupita wiki, gari refu jeusi likasimama mbele ya duka la fotokopi. Walishuka mabaunsa wawili, vifua kama makabati, na katikati yao mtu wa suti nyeupe, mkufu, miwani, marashi yaliyotangulia mbele yake kama tarishi. Mwenye duka aliacha mashine ikitema karatasi.

"Wewe ndiye unayeuza uso wangu?" aliuliza mgeni, taratibu, kama mtu ambaye hajawahi kulazimika kupaza sauti.

Mkurugenzi akasimama wima. Hata katika hofu yake aliona tofauti. Huyu ndiye Mwewe! Tazama anavyosimama. Tazama shingo! Yule fundi, ukimweka hapa pembeni, ni kichekesho.

"Mheshimiwa, nilikuwa najaribu tu kukutangaza…"

"Tukutane mahakamani, au tuyamalize hapahapa?"

Yakamalizwa hapahapa. Mkurugenzi akavuta mkoba chini ya meza, na mapato yote ya Mvuto yakahamia mikononi mwa baunsa. Mgeni alikuwa ameshafika mlangoni Mkurugenzi alipomkimbilia, simu mkononi, anatabasamu kama mtoto.

"Kama hutajali, bosi… picha moja tu."

Mgeni akashusha pumzi, akamwekea mkono begani. Picha ikarushwa mtandaoni kabla gari halijakata kona: *Mimi na ndugu yangu Mwewe. Tumetoka mbali.*

Kesho yake Mkurugenzi alikwenda kwa kinyozi akiwa na majonzi na fahari kwa pamoja. Redio ya kinyozi ikasema Mwewe bado yuko ng'ambo kwa maonyesho, na hatarudi hadi mwisho wa mwezi. Mkurugenzi akapiga simu ya fundi. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

"Nimeibiwa!" akafoka, akamsimulia kinyozi yote. "Nakwenda polisi!"

Kinyozi akasimamisha wembe. "Ngoja nielewe. Ulimkodi mtu ajifanye Mwewe."

"Ndiyo."

"Akajifanya Mwewe."

"Ndiyo!"

"Sasa utamshtaki kwa lipi? Kwamba kazi aliiweza?"

Mkurugenzi akashika simu. Aliitoa ile picha ili aifute. Watu waliokuwa wameipenda walikuwa wengi kuliko wote waliowahi kumpenda maishani; hata shemeji yake, ambaye hawakuwa wanasalimiana, alikuwa ameandika *hongera sana*. Kidole kikabaki hewani.

Kinyozi akachungulia juu ya bega lake. "Lakini imetoka vizuri. Nitumie, niitundike ukutani, wateja wajue Mwewe na ndugu yake wananyolewa hapa."

Mkurugenzi akafikiri kidogo, akamtumia.